Kibao Mbele ya Abiria

Hapa Dzaleka neno ndege lina maana mbili, na watoto wetu wanazijua zote kabla hawajaanza shule. Kuna ile inayopita juu ikielekea uwanja wa Kamuzu kule Lumbadzi. Halafu kuna ile ya mdomoni: "akina fulani wamepata ndege," "mwakani na sisi tunapanda ndege." Maana yake kesi imefika mwisho, intaviu zimepita, vipimo vya afya vimepita, na nyumba yao ya matofali mabichi inatafutiwa mnunuzi. Kambi hii ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangwa kwa watu 10,000 au 12,000. Leo tumezidi 50,000. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wanatazama juu.

Swali ninalouliza ni hili: mzazi ana haki ya kujenga na mtoto wake ndege ambayo yeye mwenyewe hajui kama itaruka?

Siulizi kwa mafumbo. Nina jirani, fundi wa kuchomelea, anayejenga ndege ya kweli pamoja na binti yake. Walianza Madisi, wakati baba anapata kazi za mageti na madirisha pale sokoni, na mtoto akimshikia vyuma siku ambazo hakuna shule. Amri ya wakimbizi kurudi kambini ilipotoka 2023, walirudi, na lile fremu likarudi nao juu ya gari la magunia. Lina bomba za viti vya zamani, fremu mbili za baiskeli, magurudumu ya toroli. Mabawa ni mianzi iliyovikwa turubai kuukuu. Injini hakuna. Binti sasa ana miaka 12, na yeye ndiye mwenye daftari la vipimo. Ukitaka kujua urefu wa bawa usimuulize baba, atakwambia "muulize mwenyewe."

Watu wamegawanyika. Wa kwanza wanacheka: mtu anakosa mafuta ya kupikia anajenga ndege! Hao siwaogopi. Wilaya hii hii ya Dowa, mwaka 2016, fundi wa kuchomelea anayeitwa Felix Kambwiri alitengeneza helikopta kwa faibaglasi na injini ya pikipiki iliyokwisha kutumika, magazeti yakaandika. Na ukiifuata barabara ya Madisi ukapitiliza mpaka Kasungu, utafika upande wa Wimbe, ambako William Kamkwamba, kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo baada ya njaa ya 2001 na 2002, alisimamisha kinu cha upepo chenye fremu ya baiskeli ya baba yake. Naye waliomwita kichaa walikuwa majirani. Wazee wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wanasema juu ya majahazi, lakini hata vinavyoruka havikuota shambani.

Wa pili wanasifu, na hawa ndio wananipa shida. Wanakuja, wanapiga picha, wanasema: "Baba huyu anampa mtoto matumaini." Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, msinikasirikie, lakini neno hilo mnaligawa kirahisi kuliko mgao wa unga. Matumaini ya nini? Kwamba itaruka? Nani amesema itaruka?

Mimi nilimsikia binti akimuuliza. "Papa, itaruka?" Baba hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema: "Injini hatuna. Mabawa tumeyapima, ila hakuna mtu anayejua ndege aliyeyakagua. Breki ni mbovu." Mtoto akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya nyanya, akaendelea kufunga kamba.

Kwangu jibu lile ndilo linalofanya kazi yao yote iwe halali. Wengi tunadhani uongo ni kusema jambo ambalo baadaye halikutokea. Sivyo. Mkulima akisema nitavuna magunia 10, mvua ikakatika, hakudanganya. Uongo ni kuficha unachokijua sasa hivi, kwa mtu ambaye anategemea maneno yako ili akae kwenye kiti ulichomwandalia.

Marekani, ambako watu wengi hujijengea ndege nyumbani, sheria imeliona jambo hili. Inawaruhusu watu wa kawaida kujenga ndege zao, mradi zaidi ya nusu ya kazi wameifanya wenyewe, na kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Angalia hapo: sheria haidai kwamba lengo liwe kusafiri. Kujifunza kunatosha. Lakini inadai mambo mengine mawili. La kwanza, ndani ya ndege, mahali ambapo abiria ataliona, lazima kuwe na kibao kinachomwambia kwamba chombo hiki kimejengwa na mtu asiye wa kiwanda, na hakikufuata masharti ya usalama ya ndege za kawaida. La pili, saa za kwanza za majaribio, kwa kawaida 25 au 40, abiria hapandi. Aliyejenga anaweza kuipenda ndege yake kama mtoto wa kumzaa, lakini kibao hakibanduki.

Sasa turudi kwenye ile ndege yetu ya mdomoni, ambayo karibu kila nyumba hapa inaijenga na watoto. Tumeweka kibao?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimekwisha pangwa zikafutwa. Serikali ya nchi ina uwezo huo, na siandiki hapa kuijadili. Ninachouliza ni nini watoto walikuwa wameambiwa kabla ya siku ile. Wapo walioambiwa wasihangaike na Kichewa, kwa sababu tunaondoka. Wapo walioambiwa rafiki wa hapa ni wa muda tu. Miaka 6, miaka 8, mtoto anaishi kama mtu aliyekaa kwenye benchi la stendi, mkoba mapajani. Mzazi alijua kwamba kesi inaweza kukwama, sote tunajua, tunaongea usiku tukidhani wamelala. Ila kwa mtoto tulisema "mwakani" bila kutetereka sauti.

Mama mmoja tuliyezungumza naye alinipinga vikali, na hoja yake si ya kutupa. Alisema: "Wewe unataka nimwambie mtoto wa miaka 7 kwamba labda tutazeekea hapa? Hajabeba vya kutosha? Kwangu 'mwakani' ni blanketi. Huwezi kumvua mtoto blanketi kwa sababu si la kweli." Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Ninakubali kwamba ukweli wote hauwi wa umri wote, na kwamba kuna namna ya kusema ukweli ambayo ni ukatili tu uliovaa kanzu safi. Lakini blanketi la "mwakani" lina tabia moja mbaya: linamfunika mtoto macho pia. Haoni kilicho karibu yake, wala haoni ni nini anaweza kukishika kwa mikono yake. Na siku likivutwa, hatalia safari tu. Ataanza kuhesabu mambo mengine yote uliyowahi kumwambia.

Kuna njia ya katikati, na nimeiona kwa vijana wa Afrika Kusini. Msichana anayeitwa Megan Werner, akiwa na miaka 17, alianzisha mradi ambao baba yake, Des, rubani, aliusimamia pamoja naye. Vijana 20 wa hali mbalimbali za maisha waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kutoka kwenye vipande vya kiwandani, kazi ambayo kwa kawaida huchukua karibu saa 3,000. Mwaka 2019 ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo, kilomita 12,000 hivi. Watu husimulia umbali. Mimi ninashika jambo dogo: injini na vyombo vya kuongozea viliwekwa na wataalamu, na hilo lilisemwa wazi. Kila kijana alijua ribiti hii ni yangu, injini ile si yangu. (Ndege ile ilivuka mipaka ambayo wengi wetu hatuwezi kuivuka hata kwa miguu, lakini hilo ni insha nyingine.)

Mtoto wa miaka 7 anaweza kuambiwa hivyo. Injini ya safari yetu iko ofisi ya mbali, hatuishiki. Mkia tunaushika: kusoma, Kichewa, Kiingereza, ufundi, marafiki. Bawa hili tunalifunga leo, litatufaa hapa hapa hata kama injini haiji. Hapo mtoto hajavuliwa blanketi. Amepewa na kitambaa cha kushona lake.

Ile sharti ya pili, kwamba abiria asipande saa za majaribio, ni ngumu zaidi kuitaja, maana wapo kati yetu wanaomtanguliza kijana wa miaka 16 kwenye njia ya Afrika Kusini kupitia Msumbiji, "akifika salama atatuita." Ninajua njaa inasema nini kwenye masikio ya mzazi. Lakini mtoto aliyetumwa kuijaribu njia amegeuzwa kipimo. Hata fundi asiye na injini anajua kwamba kiti cha kwanza si cha binti yake.

Anajua kwa sababu binti anakitaka sana. Wavulana wa mtaa wamekubali kulisukuma lile fremu kwenye mteremko, lijiviringishe tu, na yeye anadai akae mbele. Baba amekataa. Walibishana jioni nzima, tukasikia wote, mpaka mtoto akauliza mwenyewe uzito wake ni matofali mangapi. Wiki iliyopita wakayapakia kitini, wakasukuma. Fremu ikalia upande wa kushoto, karibu na gurudumu. Baba akainama kutazama. Binti alikuwa ameshafungua daftari, akaandika: kushoto, chomelea tena.