Fungeni Mkoba, Zuieni Ulimi

Wanangu, mkisikia mzee anataka kuzungumza nanyi kuhusu gemu, mnajua tayari atakachosema: zimeni hayo madude, mkasome. Leo hamtalisikia hilo. Mimi ni mcheza gemu tangu enzi za kaseti za kupuliza vumbi kabla ya kuzipachika kwenye mashine, na sioni haya kusema kwamba gemu nzuri ni kazi ya sanaa, yenye watunzi, wachoraji na wanamuziki wake kama filamu. Ninachokuja kuwaonya ni haraka. Mna haraka ya kutoa pesa kabla hamjaona, na mna haraka ya kutoa matusi mkishaona. Wapo wanaokula kwa haraka yenu ya kwanza, na wapo walioumizwa na ile ya pili.

Nianze na pesa. Mnayajua yale matangazo ya gemu za simu. Mtu kanasa pangoni, juu yake uji wa volkano, pembeni hazina, katikati pini za kuchomoa. Mkono kwenye tangazo unachomoa pini isiyo sahihi, mtu anaungua, nawe unasema moyoni: ningekuwa mimi! Hapo umeshanaswa, maana ule mkono ulikosea makusudi. Unachoma bando lako kupakua, unafungua, unakuta ni gemu ya kupanga vitu vitatu vinavyofanana. Mwaka 2020 chombo kinachosimamia matangazo Uingereza kilipiga marufuku matangazo mawili ya namna hiyo, ya Homescapes na Gardenscapes za kampuni ya Playrix, kwa sababu yalipotosha watu. Lakini marufuku ya Uingereza hailindi simu ya Tandika wala ya Kisauni. Huku mlinzi ni jicho lako mwenyewe.

Msidhani gemu kubwa zina uungwana zaidi. Cyberpunk 2077, ya CD Projekt ya Poland, ilitangazwa miaka mingi, na mwaka 2019 mwigizaji Keanu Reeves akapandishwa jukwaani kuinadi. Nakala milioni 8 zililipiwa kabla haijatoka. Ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, wenye PlayStation 4 na Xbox One walikuta picha zinaganda na gemu inajizima katikati ya safari. Waandishi waliopewa nakala mapema walikuwa wamepewa za kompyuta, kwa hiyo mwenye PlayStation 4 hakuwa na wa kumtahadharisha. Haikupita hata wiki mbili, Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao, na haikurudi hadi Juni 2021. Baadaye ilitengenezwa ikatengenezeka, na leo ni gemu ya kusifiwa. Nani basi aliyeifaidi? Aliyesubiri. Aliipata nzima, tena kwa bei ndogo. Aliyekimbilia alilipa zaidi ili awe wa kwanza kuudhika.

Halafu kuna zile pakiti za wachezaji kwenye gemu ya mpira ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Nimezitazama kwa makini zikifunguliwa. Taa zinawaka, inatokea bendera ya nchi, kisha namba anayocheza, kisha nembo ya klabu, na wewe pumzi umeibana. Mara anatoka beki ambaye hata kwao hawamjui. Kitambo kile cha kubana pumzi ndicho ulichouziwa. Mchezaji ni nyongeza. Na angalieni bei ilivyofichwa: hununui pakiti kwa shilingi, unanunua kwanza pointi, kisha pointi ndizo zinanunua pakiti, na daima zinabaki chache zisizotosha kitu, ili urudi kuongeza. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti kama hizo ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo, ikaacha kuuza pointi hizo nchini humo. Basi mnapoziona, ziiteni kwa jina lake. Anayemwonya mdogo wake dhidi ya mikeka ya mpira kisha yeye akatumia namba ya siri ya M-Pesa ya mama yake kununua pointi, hana la kumfundisha mtu.

Sasa ulimi. Mwezi Mei 2016 watengenezaji wa No Man's Sky, kikundi kidogo cha Hello Games cha Uingereza, walisogeza mbele tarehe ya kutoa gemu yao kutoka Juni hadi Agosti. Ni wiki chache tu. Kiongozi wao, Sean Murray, akaanza kutumiwa vitisho vya kuuawa. Ilipotoka, ilikuwa pungufu sana kuliko ilivyoahidiwa, na watu walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tazameni mpangilio wa mambo: walitishia kuua kwa sababu gemu imechelewa, na baadaye wakalia kwamba haikuiva. Aliyekuwa akiomba muda zaidi ndiye waliyemtukana.

Kuna lililo zito kuliko hilo. Desemba 2017 wachezaji wawili wa Call of Duty huko Marekani waligombana kwa dau la dola moja na nusu. Mmoja akamtafuta mtu wa tatu, mzoefu wa kupiga simu za uongo, naye huyo akawapigia polisi wa Wichita, jimbo la Kansas, na kudai kuna nyumba ambamo mtu kaua na kashika mateka. Anwani ilikuwa ya nyumba ambayo mgomvi wa pili alikuwa haishi tena. Polisi walipoizingira, mtu aliyekuwa ndani, asiyehusika kabisa na ugomvi wao, alitoka mlangoni kuangalia kuna nini. Akapigwa risasi, akafa. Aliyepiga simu alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2019. Wazee waliposema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, hawakuwa wanapamba maneno.

Mtaniambia kwamba hata kwenye banda la gemu watu wanatukanana. Ni kweli, nimekaa humo. Lakini kwenye banda mnabanana benchi moja, bega kwa bega, pedi ni mbili na kijiti cha moja kimechubuka mpira. Ukimtania mwenzako kupita kiasi unaiona sura yake inabadilika, unaguna, unapunguza. Mwenye banda naye anakohoa, unaelewa. Mtandaoni hakuna sura wala kikohozi. Kwa hiyo breki uliyokuwa ukiwekewa na wengine, sasa jiwekee mwenyewe.

Sisemi mnyamaze mkidhulumiwa. Mwaka 2017, Star Wars Battlefront II ya EA ilipokaribia kutoka, wachezaji walikaa wakapiga hesabu: kumfungua shujaa mmoja kama Darth Vader kwa kucheza tu kungechukua takriban saa 40, na njia ya mkato ilikuwa kulipia masanduku ya bahati. Matusi yalikuwepo, hayakosi. Lakini hesabu ile ndiyo iliyosambaa, kwa sababu haikuwa na jibu. EA ilipunguza gharama za mashujaa kwa asilimia 75, na usiku wa kuamkia uzinduzi ikazima kabisa ununuzi wa ndani ya gemu. Tusi kampuni inalifuta kwa kidole kimoja. Hesabu iliyo sahihi na mkoba uliofungwa, kampuni haina pa kuvikwepa.

Basi shikeni haya. Gemu mpya ipeni mwezi mmoja mitaani kabla hamjailipia. Msitazame trela, mtazameni mtu aliyeshika pedi, anacheza bila kukatakata picha, kwenye mashine kama yenu. Bei yoyote ya pointi igeuzeni iwe shilingi, kisha muulize nyumbani shilingi hizo zinanunua unga kiasi gani. Mkikasirika, semeni gemu ina kasoro gani, wapi, na ushahidi huu hapa. Aliyeitengeneza mwacheni na mama yake. Na mkifungwa, semeni mmefungwa, mmpishe mwingine. Wadogo zenu wako nyuma ya kiti wanatazama, na watanunua kama mnavyonunua, watagombana kama mnavyogombana.