Wanangu, Kaeni na Ghuba Moja

Wanangu mnaomaliza masomo ya sayansi za bahari, nawaona mnavyoshuka pwani na ndoo zenu, vipimajoto na shauku tele, nami moyo wangu unafurahi. Pwani hii inawahitaji. Ila kuna jambo nimelitazama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kwa kuwa halikomi, niacheni niliseme tena.

Mradi unakuja wa miaka mitatu. Wa kwanza unaliwa na vibali na kununua vifaa, wa pili mnapima, wa tatu mnaandika ripoti. Bahari haina habari na kalenda hiyo. Huenda mwaka mliopima ndio mwaka kusi ilivuma kupita kiasi, au masika yalichelewa, nanyi mkaandika kwamba hiyo ndiyo tabia ya maji yetu. Utafiti wa mwaka mmoja ni kama kuonja mchuzi kabla chumvi haijayeyuka. Kisha fedha zinakwisha, gari linarudi mjini: jana mwani, leo majongoo, kesho kaa. Siwalaumu. Mtu ana kodi ya nyumba na ada za watoto, na mwenye fedha ndiye huchagua cha kupimwa.

Lakini tazameni mwani. Profesa Keto Mshigeni alikuwa akiutafiti na kuutetea tangu miaka ya 1970. Kilimo cha mwani cha biashara kikaja kushika Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Hapo katikati hapakuwa na makofi mengi. Baadaye kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikaanza kuwafia kina mama mikononi: tawi linapauka, linalainika, linakatika, na kamba inabaki tupu. Maji ya kina kifupi yalikuwa yakipata joto kupita kiasi wakati wa kupwa. Wengi wakabaki na spinosamu, ambayo ni sugu zaidi ila bei yake haijazi kapu. Dk. Flower Msuya wa Unguja hakuandika makala moja akaondoka. Amekaa na wakulima hao hao miaka nenda miaka rudi, wakijaribu pamoja kupanda kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu za mrija. Na huko kina kirefu likajitokeza jambo ambalo kipimajoto hakilisemi: kunahitaji chombo, na wengi wa kina mama hawajui kuogelea. Jambo kama hilo hulijui mpaka umekaa nao.

La mabwawa ya samaki ndilo linalonichosha zaidi. Tope la mikoko likiwa chini ya maji halina neno. Ndani yake mna chuma na salfa vilivyolala. Mkilichimba, mkalirundika kingoni, jua likalikausha na hewa ikaingia, linageuka tindikali. Mvua ya kwanza inaiosha tindikali hiyo na kuimwaga bwawani, na asubuhi mwatiko wanaelea matumbo juu. Kingo zenyewe husema mapema, kwa michirizi ya rangi ya kutu. Hili wataalamu wanalijua siku nyingi, na bado naona mikoko inakatwa na shimo linachimbwa pale pale, kwa sababu ripoti ya waliotangulia iliandikwa kwa Kiingereza, ikafungiwa kabatini. Kijiji kinabaki na shimo, na mikoko hakuna. Afadhali mchimbe kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, unaofikiwa na bamvua tu, na hata hapo pimeni udongo kwanza.

Kukaa kunalipa, tena si kwa mtafiti peke yake. Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, watafiti wamekuwa wakipanda na kupima mikoko tangu miaka ya 1990. Ulipozaliwa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, vipimo vilikuwapo, na watu wa Gazi na Makongeni wakaweza kuuza hewa ya ukaa na kupeleka fedha kwenye maji na shule. Mali bila daftari huisha bila habari, na bahari ni mali.

Basi, mwanangu, chagua ghuba moja. Chukua miradi unayopewa, ule, usomeshe watoto, lakini ghuba yako irudie kila bamvua: joto la maji, chumvi yake, hali ya mwani, mahali pale pale, daftari lile lile. Na kila mradi unapofungwa, andika kurasa mbili za Kiswahili, umpelekee sheha, umwombe akuitie watu. Usiende maji yakipwa, maana kina mama watakuwa shambani. Nenda yakijaa, uwasomee mwenyewe, kisha uwaache waulize.