Jasho la Mtoto wa Mwenzio

Hapa Buzebazeba, usiku wa giza wavuvi huingia ziwani na taa zao kutafuta dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika. Nami chuoni kwangu hujua hali ya mwezi bila ya kutazama mbinguni. Siku za giza watoto kadhaa hawaji, na wanaokuja husinzia juu ya juzuu. Wameamkia mchangani, wakianika dagaa wa watu.

Je, kumtuma mtoto kazi ni haramu? La. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu umri wa miaka kama 10. Lakini mwenyewe alisimulia kuwa katika miaka yote ile hakuguniwa hata mara moja. Tena katika utumishi huo alitoka mwanachuoni, watu wakimwendea kupokea Hadithi. Basi mizani ni hii: kazi yamkuza mtoto, au yamla?

Watu husema, "Shida imetulazimisha, na mtoto mwenyewe ametaka." Katika vita vya Uhud Waislamu walikuwa wachache mbele ya adui. Abdullah bin Umar, kijana wa miaka 14, alitaka kupigana, Mtume (S.A.W.) akamrudisha. Haja ilikuwapo na kutaka kulikuwapo, wala havikumfanya mtoto kuwa mtu mzima. Hata serikali yetu, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14, na yakataza kazi ya usiku.

Lakini tusiwalaumu wavuvi peke yao. Kutoka huku kwetu mabinti huchukuliwa kwenda kutumika majumbani Dar es Salaam na miji ya pwani. Miaka iliyopita mjane mmoja alinijia nimwombee dua bintiye wa miaka 12, aliyepatiwa kazi huko. Nikasoma Fatiha. Sikuuliza atalipwa nini, wala kama atasoma. Akarudi baada ya miaka 3 na kanga mbili. Mshahara, aliambiwa, umeishia katika nauli na chakula. Barua hajui kuisoma. Fatiha ile hunijia usiku, kwani niliibariki safari nisiyoijua mwisho wake.

Ndugu msomaji, huenda binti kama huyo ndiye aliyekupikia futari. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe kibarua kabla jasho lake halijakauka, na ametuonya kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atamshitaki anayetumikisha mtu kisha akamnyima ujira. Usiseme, "Namlea." Mlezi humpeleka mtoto chuoni na skuli pamoja na wanawe, akamlaza wanapolala wao. Ukiona wanao wamelala naye bado yuko jikoni, jua kuwa humlei, wamtumikisha.

Leo kabla ya kulala, mwulize amekula nini, na mamake amepelekewa nini. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia, na atuwezeshe kuyatengeneza. Amin.