HOTUBA YA IJUMAA: KUTHIBITISHA KABLA YA KUSEMA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni za Allah, Muumba wa jua na mwezi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Allah.

Sisi tumezoea mwezi mmoja, ule tunaoutafuta magharibi mwishoni mwa Shaabani. Lakini sayari ya Zohali peke yake kufikia Machi 2025 ilikuwa na miezi 274 iliyotambuliwa, na 128 kati yake ilikubaliwa kwa pamoja wakati huo. Wataalamu wa nyota wanajuaje kwamba hiki ni mwezi na kile si mwezi?

Si kwa ukubwa, maana hakuna kipimo kilichowekwa; mingi ya miezi hiyo ina upana wa kilomita chache tu. Wanauliza: kinazunguka nini? Kikizunguka sayari, ni mwezi wake. Kikizunguka jua, si mwezi, hata kikipita karibu namna gani. Na usiku mmoja hautoshi kulijibu swali hilo, kwa sababu nukta ya mwanga karibu na Zohali yaweza kuwa jiwe linalojipitia njia yake. Kati ya 2019 na 2021 watafiti waliona nukta ambazo hawakuweza kuzithibitisha. Hawakuziita miezi. Mwaka 2023 walirudi kutazama sehemu zilezile za anga miezi mitatu mfululizo, ndipo wakaleta hesabu yao.

Mwaka 2024 jiwe la mita kama 10 lilipita karibu na dunia, habari zikaenea kwamba tumepata mwezi wa pili. Halikumaliza hata mzunguko mmoja. Likaenda zake kulizunguka jua.

Mtu atasema: mbona Mtume (s.a.w.) alikubali neno la Ibn Umar peke yake juu ya hilali ya Ramadhani? Ndiyo. Hilali inajulikana jioni yake na mahali pake, shahidi alikuwa mwadilifu, na kilichodaiwa ni kufunga. Lakini heshima ya mtu inapoguswa, Sura An-Nur inataka mashahidi wanne katika zinaa, na anayesingizia bila kuwaleta anapigwa mijeledi 80. Pimeni tofauti hiyo.

Sasa tazameni kartie zetu. Mtu amemwona jirani mara moja, kwa mbali, gizani, na kabla ya Isha hukumu imekwisha kutolewa. Mama mzee anaitwa mchawi kwa ndoto ya mtoto mmoja. Wako waliofukuzwa katika nyumba zao hapa mashariki ya Kongo, na wako waliouawa. Waliolibeba neno lile walikuwa wameona nini?

Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari tusije tukawadhuru watu bila kujua. Ukiletewa neno la namna hiyo leo ukitoka msikitini, muulize aliyelileta: uliona mwenyewe? Mara ngapi? Uko tayari kulisema mbele yake? Akinyamaza, nawe usilipeleke nyumbani.

Nasema haya, na ninamwomba Allah msamaha kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.