Haki na Vyombo Vyake

Katika mji wa Athens, nchini Ugiriki, palikuwa na uwanja mkuu wa watu ulioitwa Agora. Wachimbuzi wa Kimarekani walianza kuufukua mwaka 1931, wakatoa ardhini vyombo vya mahakama vilivyotumika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Kipo kibao cha jiwe chenye safu za mianya. Kila mwamuzi alikuwa na kipande chenye jina lake. Vipande vilitiwa mianyani, kisha vigololi vyeupe na vyeusi vikaamua ni safu zipi zitakazoketi siku hiyo. Hivyo mwenye rushwa hakujua amhonge nani. Kipo chungu chenye tundu chini. Maji yake hutoka kwa muda wa dakika sita hivi, na kwa vyungu kama hicho wasemaji walipimiwa wakati. Tena vipo visahani vya shaba vya kupigia kura. Kila mwamuzi alipewa viwili: kimoja kina mhimili wenye tundu, cha kumpa mshitaki, cha pili kina mhimili mzima, cha kumpa mshitakiwa. Aliziba ncha za mhimili kwa vidole, asijue mtu ameamua nini.

Je, watu wenye hadhari kama hiyo waliweza kudhulumu? Waliweza. Mwaka 399 kabla ya Kristo walimshitaki Socrates, mzee wa miaka sabini, kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba awapotosha vijana. Visahani vya shaba vilikuja baadaye, lakini waamuzi wake, mamia kwa idadi, waliteuliwa kwa kura ya bahati, na maji yalipimwa. Plato, mwanafunzi wake, asimulia kwamba mzee huyo alisema muda ule ni mfupi mno kufuta masingizio ya miaka mingi. Alihukumiwa kufa, akanywa sumu.

Basi vyombo hivyo ni bure? Hasha! Bahati ilimkinga mwamuzi na rushwa, siri ikamkinga na hofu. Lakini hakijafuliwa bado chombo cha kumkinga mtu na chuki yake mwenyewe. Chini ya vidole vile, pasipofika jicho la jirani wala la mkubwa, mwamuzi aliachwa peke yake na dhamiri yake.

Nasi pia, wasomaji vijana, hupiga kura faraghani. Tukumbuke kwamba siri ni ngao ya mwenye kutenda haki. Isiwe maficho ya dhalimu.