Je, Kila Mgeni ni Adui?

Mtu akifika usiku kwenye nyumba ya watu huko Malolo, wilayani Ruangwa, hasukumi mlango wala hatikisi komeo. Husimama uani na kubisha hodi. Mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Mgeni hujitaja, akataja na ukoo wake na mahali atokako, ndipo hufunguliwa, au huambiwa arudi kesho. Desturi hiyo twaifuata sote bila kuifikiria, iwe Malolo, Nachingwea au Mwanza. Ndani yake mna haki mbili: haki ya mwenye nyumba kujilinda, na haki ya mgeni kuulizwa kabla ya kuhukumiwa. Juma hili twawaomba wasomaji wetu wazitafakari haki hizo pamoja nasi, kwa sababu siku hizi kazi ya kulinda mlango imekabidhiwa mashine, na baadhi ya mashine hizo zimefundishwa kazi yao kwa kuigiza mwili wa mwanadamu.

Kwanza tuutazame mwili wenyewe. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ilienea katika uwanda wa juu wa Makonde, ng'ambo ya bonde la Lukuledi, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika ya siku zile. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakashindwa kunyoka. Homa hiyo ikajulikana kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, na jina hilo, chikungunya, leo hutajwa na madaktari wa dunia nzima. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha habari zake. Ni ugonjwa unaoenezwa na mbu. Na aliyeugua akapona, kwa kawaida haugui tena. Mwili wake umekwisha kumjua adui huyo na kumweka katika kumbukumbu. Akirudi baada ya miaka mingi, atakuta walinzi wanamngoja.

Lakini mwili wajuaje yupi ni adui na yupi ni wa nyumbani? Swali hili liliwashughulisha mabingwa wengi wa elimu ya viumbe, na mmoja wao, Frank Macfarlane Burnet wa Australia, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Peter Medawar wa Uingereza kwa kazi yao katika jambo hilo. Kwa ufupi, habari ni hii. Mwili hutengeneza chembe za ulinzi za namna nyingi mno, kila moja ikiwa na umbo lake la kushikia kitu fulani, kama funguo zilizochongwa kabla ya kuonekana kufuli. Nyingi za chembe hizo hupita kwanza katika tezi moja ndogo kifuani, iitwayo thaimasi. Humo hujaribiwa. Ile inayoonekana kuwashambulia wenyeji, yaani sehemu za mwili wenyewe, huangamizwa. Zinazobaki hutumwa kuzunguka mwilini, na chochote watakachokishika huhesabiwa kuwa kigeni. Mlinzi, basi, hakufundishwa sura za wezi wote. Amechaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba hamgusi mwenye nyumba.

Mwaka 1994 wataalamu wanne wa Marekani, Stephanie Forrest, Alan Perelson, Lawrence Allen na Rajesh Cherukuri, walionyesha kwamba kompyuta nayo yaweza kulindwa kwa njia hiyo. Waliiacha mashine itunge alama nyingi kwa kubahatisha. Kila alama iliyofanana na kazi za kawaida za kompyuta ilitupwa. Zilizosalia zikawekwa kuwa walinzi. Na siku alama mojawapo ilipokutana na kitu kinachofanana nayo, ilijulikana kwamba ndani ya kompyuta mmeingia jambo lisilo la kawaida. Mwaka 1996 Forrest na wenzake waliendelea mbele, wakachunguza mfuatano wa maombi ambayo programu huyapeleka kwenye mtambo, ili kuitambua ile iliyoacha mwenendo wake. Faida ya njia hizi ni kubwa. Mlinzi wa namna hii aweza kumshika hata mwizi ambaye hajapata kuonekana popote, maadamu mwizi huyo hafanani na wenyeji.

Baadaye njia za namna hii zimekuwa nyingi, na si zote zilizotoka katika mfano wa kinga ya mwili. Lakini shina lake ni moja: mashine hujifunza desturi, kisha humshuku anayeiacha desturi. Wala hatuna sababu ya kuzichukia. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na leo imeingia hata vijiji visivyopata kuwa na benki. Wezi nao hawakukawia. Nani kati yetu hajapokea ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Kuna wajane waliopoteza ada za watoto wao kwa maneno hayo machache. Mlinzi anayeweza kusimamisha fedha zisitoke mikononi mwa mjane ni mlinzi wa kushukuriwa. Anayesema mashine hizi ni mbaya kwa kuwa ni mashine, huyo hajakaa karibu na walioibiwa.

Hata hivyo, hapana budi tuulize swali la pili. Desturi hiyo ambayo mashine hujifunza, ni desturi ya nani?

Tuchukue mfano wa mkulima wa Malolo. Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, na ufuta na korosho zao huuzwa kwa mnada. Mfanyakazi wa ofisini hupokea mshahara kila mwezi na kuutumia polepole. Mkulima hupata fedha zake kwa msimu. Miezi mingi simu yake haina kitu ila shilingi chache za mboga na chumvi. Kisha siku moja huingia fedha nyingi. Juma hilo hilo mtoto wake anaugua, naye anampeleka Nachingwea au Ndanda, anatoa fedha mara tatu kwa siku moja, mahali ambapo hajapata kutolea. Mashine iliyofundishwa kwa maisha ya mwenye mshahara yaweza kumwona kuwa ni mwizi aliyeokota simu ya mtu. Inamfungia. Hakufanya kosa lo lote. Kosa lake ni kuishi maisha yasiyo na utaratibu wa kila mwezi, nayo ndiyo maisha ya maskini walio wengi.

Tena liko jambo la vidole. Tangu Januari 2020 laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa hapa Tanzania. Twajua kwamba vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini huchakaa, na alama zake hufifia hata mashine isiweze kuzisoma. Fikirini basi: kazi ile ile ya halali iliyomlisha mtu na jamaa yake ndiyo inayomfanya asitambulikane. Mashine inamwambia kwamba yeye siye yeye.

Wako watakaotujibu hivi: "Hakuna ulinzi usiokosea. Hata mwili huwaua baadhi ya walio wake ili uokoe wengi. Ni heri mmoja afungiwe siku mbili kuliko maelfu waibiwe." Neno hili si la kipuuzi, nasi hatutaki kulipita kwa dharau. Ni kweli kwamba mwili hufanya hivyo. Chembe moja ikiingiwa na virusi, walinzi huiua bila kuiuliza, na sisi twapona. Tena ni kweli kwamba kumzuia mtu kwa muda si sawa na kumhukumu. Pengine aliyezuiwa atashukuru akigundua kwamba kweli mwizi alikuwa mlangoni.

Lakini hapa ndipo mfano wa mwili unapokoma, na asiyeona mahali unapokoma atapotea. Chembe ni sehemu tu ya mwili. Haina jina, haina watoto wanaoingoja, haina neno la kujitetea. Ikitolewa kwa ajili ya mwili, haikudhulumiwa. Mtu si chembe ya jamii. Yeye ni mzima peke yake, na thamani yake haikutoka kwa jamii wala kwa serikali wala kwa kampuni. Jamii yaweza kumdai kodi, kazi na utii wa sheria. Haiwezi kumtupa asiye na hatia na kusema, "Hesabu ya jumla ni nzuri." Asiye na hatia akiumizwa kwa ajili ya usalama wa wengi, hao wengi wana deni kwake.

Deni hilo hulipwaje? Kwa jambo lile lile lililo katika desturi ya hodi. Anayefungiwa aambiwe kwamba amefungiwa na kwa sababu gani, kwa lugha anayoielewa. Awepo mtu wa kumsikiliza, si sauti iliyorekodiwa inayomrudisha mwanzo kila mara. Asikilizwe upesi, kwa maana mtoto mgonjwa hangoji siku tatu za kazi. Na ikionekana kwamba mashine ilikosea, mwenye mashine abebe hasara. Nchi yetu imekwisha kuanza njia hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inagusa pia maamuzi yanayotolewa na mashine peke yake. Lakini sheria isiyojulikana Malolo haimsaidii mtu wa Malolo. Yatupasa tuisome, tuwaeleze na wazee wetu.

Tena mwili wenyewe una somo la pili, ambalo walioigiza somo la kwanza walichelewa kuliona. Kama mwili ungelikuwa unamshambulia kila mgeni, tungalikufa kwa chakula cha jioni, maana ugali na kunde si sehemu ya mwili wetu. Matumboni mwetu wamo vijidudu wasiohesabika ambao hawakuzaliwa nasi, nao hutusaidia. Na zaidi ya yote, mtoto aliye tumboni mwa mama yake nusu yake ni ya baba, yaani kwa mwili wa mama ni kitu kigeni. Hata hivyo mwili ule humpokea, humlisha na kumlinda miezi tisa. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa kazi ya Forrest na wenzake, bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Polly Matzinger, alitoa wazo kwamba kinga ya mwili haiulizi tu, "Je, huyu ni mgeni?" Huuliza, "Je, hapa pana madhara?" Hungoja ishara ya chembe zilizoumizwa. Wataalamu wengine hawakukubaliana naye katika yote. Lakini wazo lake lilichukuliwa na watu wa kompyuta, hasa huko Uingereza, nao wakajaribu kutengeneza walinzi wanaotafuta dalili za madhara badala ya dalili za ugeni peke yake.

Hapo pana fundisho ambalo si la mashine tu. Sisi wenyewe tumekuwa walinzi wabaya mara ngapi? Katika nchi yetu wazee wanawake wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, ati ni alama ya uchawi. Macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa kuni, miaka mingi ya kuwapikia watoto, pengine hata wale waliokuja kuwashtaki. Watu waliona ishara, wakaifanya hukumu, wala hawakuuliza kama pana madhara yo yote. Hapakuwa na kompyuta. Kama sisi wenye akili na moyo twaweza kufanya hivyo, tusishangae mashine tuliyoifundisha sisi ikifanya vivyo hivyo, upesi zaidi na bila usingizi.

Kwa hiyo twawaambia vijana wetu wanaosomea kazi ya kompyuta huko vyuoni: jifunzeni elimu hii kwa bidii, maana wezi hawalali. Lakini kabla ya kuifundisha mashine desturi ya wenyeji, nendeni mkawaone wenyeji wote, na yule anayeuza ufuta mara moja kwa mwaka asiachwe nje ya hesabu. Wazazi nao wawafundishe watoto kufunga mlango vizuri, na vilevile kuitikia hodi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani, mgonjwa wa mwisho aliyeupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alionekana Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Ndui ilishindwa kwa chanjo, yaani kwa mgeni aliyekaribishwa mwilini kwa hekima. Mwili uliokataa kila mgeni usingalipona. Nyumba nayo ni hivyo hivyo, na nchi pia.