Nani Ajuaye Mwisho wa Mja?

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Watu wa Italia wana utenzi mkubwa uliotungwa na Dante, Mnasara wa mji wa Florence, aliyezaliwa mwaka 1265 na kufa mwaka 1321. Una nyimbo 100, na ndani yake asimulia safari yake ya Jahannamu, na ya mlima wa kutakasia dhambi, kisha ya Peponi. Ufasaha wake wasifiwa hata leo. Lakini swali letu si la ufasaha. Je, yafaa mja kumtaja mja mwenziwe kwa jina, akasema: Fulani ni wa Motoni?

Dante amefanya hivyo. Alifukuzwa mjini kwake mwaka 1302 kwa fitina za vyama, na baadhi ya aliowatia Motoni ni mahasimu zake. Hata Papa Boniface wa Nane, ambaye katika kisa chenyewe yu hai bado, amewekewa tundu lake huko. Salahuddin, Ibn Sina na Ibn Rushdi amewaweka pasipo mateso wala matumaini. Ama Mtume wetu, amemnenea uovu ambao kalamu yetu haiuandiki.

La ajabu ni kuwa utenzi wenyewe wamshuhudia mtungaji wake. Katika wimbo wa 13 wa Pepo, mwanachuoni wao Thomas Aquinas aonya watu wasihukumu kwa haraka nani ataokoka na nani ataangamia; kwani mwovu huenda akainuka, na mwema akaanguka. Neno la haki, lau angalilifuata!

Nasi tusimlaumu tukajisahau. Alipokufa Uthman bin Madh'un, Ummul Alaa wa Kiansari alishuhudia kuwa Mungu amemkirimu. Mtume akamwuliza amejuaje. Ikiwa ni hivyo kwa sahaba mwema, itakuwaje kwetu, tukaao barazani tukasema marehemu fulani hana lake Akhera, na sababu ni ugomvi wa shamba au urithi? Maulamaa wetu wameshika kuwa hatumshuhudii mtu kwa jina Pepo wala Moto, ila aliyetajwa na Mungu au Mtume wake. Kitendo kiovu twakikataza. Mwisho wa mtendaji hatuujui, wala wetu hatuujui.

Basi, ndugu yangu, zuia ulimi wako, na Mwislamu aliyekufa umwombee maghufira. Wallahu aalam.